Teknolojia ilikuwako Lamu kabla ya umeme

Likitajwa neno teknolojia, wengi wetu hufikiria simu, kompyuta na roketi, na mkazi wa Malindi huenda akakumbuka jukwaa la San Marco, kule Ngomeni, lililorusha setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Hayo ni matawi tu ya mti wenyewe. Teknolojia ni maarifa yaliyotiwa kazini ili kukidhi haja ya binadamu, kwa zana na mbinu alizonazo; na kwa kipimo hicho, birika la maji katika choo cha nyumba ya mawe ya Lamu, lenye visamaki wanaokula viluwiluwi vya mbu, ni teknolojia kamili isiyo na waya hata mmoja.

Zana, hata hivyo, nayo humpanga mwenye kuitumia. Vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba, wala hayakuwa mapenzi ya waashi: dari nzito ya mawe na chokaa hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ya kuaminika hupata mita 3 hivi, upana wa chumba ukaishia hapo. Kitanda kiwekwe wapi na mgeni akae wapi, yote yakafuata kipimo cha mti.

Baharini mambo ni yayo hayo. Mtepe, chombo cha kale cha visiwa hivi, haukuwa na msumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi na tanga lake lilikuwa mkeka. Ulipotoweka, ujuzi wa kuushona nao ukapotea. Leo boti ya mashine humvusha mgonjwa kutoka Mokowe, upande wa bara, hadi Amu, yaani mji wa Lamu, kwa dakika chache, jambo ambalo tanga haliwezi kuahidi upepo ukikata, nami simlaumu anayeichagua. Ila tanga lilimdai nahodha ajue pepo za kusi na kaskazi na maji makuu ya bamvua, ilhali mashine humdai petroli, nayo hununuliwa kabla ya kutoka, samaki wapatikane wasipatikane.

Ndiyo maana, kila kinapoletwa kifaa kipya, swali letu la kwanza huwa ni nani atakayekitengeneza. Mashua ikivuja, fundi wa kijiji cha Matondoni huikalafati papo hapo ufukweni kwa pamba na mafuta. Mashine ikifa, mvuvi hukaa barazani akisubiri kipuri kutoka Mombasa.