Namba kamili katika fizikia ya mvutano: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Fizikia ni desimali. Namba kamili waachie wanahisabati."

Hili husemwa hata na waliosoma sayansi hadi kidato cha sita. Ni kweli kwamba ukipima kasi au uzito utapata desimali. Lakini mwanafizikia naye huhesabu: hali ngapi, njia ngapi? Hapo nusu haipo.

Chukua uzi wa nadharia ya nyuzi, inayosema kwamba chembe za msingi ni nyuzi ndogo mno zinazotetemeka; tuchukue ile ya awali yenye vipimo 26. Hali zake, ngazi kwa ngazi, ni 1, 24, 324, 3200, 25650. Uzi una pande 24 za kutetemekea. Ili kufika ngazi ya pili, ama utetemeke mara moja kwa mtetemo wa daraja la pili, njia 24, ama uunganishe mitetemo miwili ya daraja la kwanza, njia 300. Jumla 324. Kalamu na karatasi vinatosha kuhakiki.

"Ukiona namba chache za mwanzo, umeujua mfuatano."

Endeleza huu: 2, 3, 5, 7, 11. Wengi watasema 13, wakidhani ni namba tasa. Lakini ukihesabu njia za kugawa 2, 3, 4, 5 na kuendelea kuwa mafungu, utapata hizo hizo, kisha 15. Namba 4 ina njia tano: 4, 3+1, 2+2, 2+1+1, 1+1+1+1. Mwaka 1918 wanahisabati Hardy na Ramanujan walionyesha jinsi idadi hii inavyokua. Ukuaji wa jamii hiyo ndio uliowawezesha wanafizikia Strominger na Vafa, mwaka 1996, kuhesabu hali za aina maalumu ya shimo jeusi na kupata robo ile ile ya eneo iliyo katika kanuni ya Bekenstein na Hawking, isemayo kwamba entropia ya shimo jeusi (kipimo cha wingi wa hali zake) ni robo ya eneo la uso wake.

"Wanafizikia hukadiria, wanahisabati ndio hupata jibu kamili."

Kisa kinachofuata nakipenda kuliko vyote. Kuna umbo linalotokana na mlinganyo wa kipeo cha tano, mojawapo ya maumbo ambayo nadharia ya nyuzi hutumia kueleza vipimo vilivyojikunja. Swali: lina mikunjo mingapi ndani yake, yaani mistari, iwe imenyooka au imepinda? Mistari iliyonyooka ni 2875, hilo lilijulikana tangu karne ya 19. Mikunjo ya kipeo cha pili ni 609250, jibu alilolipata Sheldon Katz mwaka 1986. Ya kipeo cha tatu ilikuwa mlima.

Mwaka 1991 mwanafizikia Candelas na wenzake watatu, kwa hoja za nyuzi, walitoa mfuatano mzima kwa mkupuo, na namba ya tatu ilikuwa 317206375. Wanahisabati wawili wa Norway, Ellingsrud na Strømme, walikuwa wamepata 2682549425 kwa kompyuta. Wanahisabati wengi waliwatilia shaka wanafizikia, na haikuwa ajabu, kwani hoja zao hazikuwa na uthibitisho. Baadaye Wanorway hao walikuta kosa katika programu yao. Walipolirekebisha, ikatoka 317206375. Uthibitisho kamili ulikuja miaka michache baadaye.

Hapo huzaliwa dhana nyingine, kwamba nadharia ya nyuzi basi imethibitishwa. Hapana. Kilichothibitishwa ni hesabu. Hakuna jaribio la maabara lililokwisha kuonyesha kwamba ulimwengu umefumwa kwa nyuzi.

"Namba kamili hutokea kwa sababu nafasi yenyewe imekatwa vipande vipande."

Inavutia, lakini mambo yako kinyume. Hesabu zote za nyuzi hapo juu zimefanywa katika nafasi laini isiyo na vipande. Nadharia inayosema eneo huja kwa vipande ni ile ya mvutano wa kikwanta wa vitanzi, na humo ukubwa wa vipande hufuata kipeuo cha pili cha j(j+1), j ikiwa namba inayopanda kwa nusu nusu kuanzia nusu. Kipande kidogo kuliko vyote kina kipeuo cha pili cha 3 ndani yake, namba isiyo kamili wala sehemu.