Paswedi moja kwa vifaa vyote? Hapana jamani

Watu bado wanaamini ukiwa na mita au kamera 5,000 za kuunga kwenye mfumo, unaweka paswedi moja kwa zote basi kazi imeisha. Mirai, kirusi cha kuteka vifaa vya intaneti, mwaka 2016 ilizoa makamera kibao kwa kujaribu paswedi za kiwandani tu, kama 60 hivi!

Kwenye AWS IoT mfano (huduma ya Amazon ya kuunga vifaa kwenye intaneti), kifaa kinaweza kutoka kiwandani na cheti cha pamoja, yaani kitambulisho cha kidijitali kinachofanana kwa vifaa vyote, ila hicho ni cha kupigia hodi tu, kikishaingia kinapewa cheti chake chenyewe, kwa hiyo kimoja kikiibiwa unakifungia hicho na vingine vinaendelea kupiga kazi. Cheti cha hodi nacho kibane ruhusa, na namba ya kifaa ikaguliwe kwanza kwenye listi yako, hapo ndo wengi wanazembea.