Hiyo Si Sufi, Mama
Juzi mama mmoja kutoka Njoro alinitupia glavu mezani. "Fundi, sufi yenu ya kondoo ni ya uongo. Nimepanda nayo Mlima Menengai alfajiri, vidole vikafa ganzi." Nikazishika. Zilikuwa bado na unyevu, na uzi wake ukiteleza kama gunia la nailoni. Sikuzifuma mimi, lakini hilo tuliache. Nikakata kinyuzi kilichokuwa kinaning'inia, nikakiwasha kiberiti. Kikayeyuka, kikabaki kidonge cheusi, kigumu kama punje ya mchele.

"Sasa mama, sufi gani hii inayeyuka?"

Kila Julai ni hadithi hiyo hiyo: watu wanaamini kila uzi wa kufumia ni sufi. Ukiomba wuli dukani hapa Nakuru, mara nyingi utapewa akriliki, na muuzaji hajakudanganya. Ndivyo sote tulivyozoea kuuita. Lakini akriliki hutengenezwa kwa kemikali zinazotokana na petroli. Sufi huota mgongoni mwa kondoo. Ukiichoma huungua polepole, moto hujizimia ukiondoa kiberiti, na majivu yake husagika vidoleni. Jaribu mwenyewe, kinyuzi kidogo tu, juu ya sahani na si karibu na pazia.

Kwa mtu wa kukaa sebuleni haina neno. Kwa mtembezi ina neno sana, kwa sababu ya jasho. Unapanda mlima, mikono inalowa ndani ya glavu, halafu unafika ukingoni mwa kreta na upepo unakupokea. Sufi inaweza kunyonya mvuke karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla hujahisi kuwa imelowa. Akriliki hainyonyi hata asilimia 3. Jasho linabaki kwenye ngozi, na hilo ndilo linalokugandisha. Watu wa Molo, na ule ukungu wenu wa asubuhi, nanyi mnasikia?

Sisemi akriliki ni takataka. Sweta za shule nazifuma kwa akriliki, maana najua zitakavyosuguliwa kila Jumamosi. Ninachokataa ni kulaumu kondoo kwa kosa la plastiki.

"Lakini sufi inaruka ikifuliwa." Inaruka kwa sababu umeirusha! Unywele wa sufi una magamba madogo madogo. Maji moto, sabuni na kusugua huyafanya yashikane, na yakishashikana hayaachani. Glavu ya baba inakuwa ya mtoto. Tumia maji baridi au vuguvugu, shampuu kidogo, minya bila kusokota, kisha ilaze juu ya taulo kivulini. Na ile dawa ya klorini ya kung'arisha mashati meupe iweke mbali kabisa. Inaila sufi mpaka inayeyuka kwenye beseni.

Wengine huniambia wana mzio wa sufi. Mara nyingi ni uzi mnene tu unaochoma ngozi kwa ncha zake. Tafuta ulio laini.

Kuna wanaotaka glavu iwabane ndiyo iwe na joto. Hapana. Joto hushikwa na hewa iliyotulia ndani, na kidole kilichobanwa damu hakiifikii vizuri. Kinachotakiwa kubana ni ufumaji wa uzi, ili upepo usipenye, si glavu yenyewe. Ndiyo maana hutumia sindano nyembamba, namba 10, na pale kwenye kifundo cha mkono namba 12. Na usiniulize kwa nini nimechukua "sindano nene": kwa namba hizi za zamani za Uingereza, namba ikipanda sindano inakonda. Namba 8 ni milimita 4, namba 10 ni 3.25.

Halafu zile zisizogawa vidole, zenye gumba peke yake, mnazicheka eti ni za watoto wachanga. Hizo ndizo zenye joto kuliko zote. Vidole vinne vikilala chumba kimoja vinapashana joto. Kila kimoja kikipewa chumba chake, kinapambana na baridi peke yake. Simu utaijibu ukirudi.

Yule mama hakuridhika mpaka nichome na uzi wangu. Nikauchoma. Akainama, akanusa, akakunja uso. "Hii ni kama kichwa cha mbuzi kikiunguzwa manyoya!"

Nikachukua futi, nikampima kiganja.