Uvimbe wa mkononi mnauogopa, mkono mlioangukia mnaupuuza

Siku hizi kliniki ya mifupa hapa Moshi tunaletewa mikono iliyokandwa mpaka imeharibika, na wengine wanalalamika wamekuja na uvimbe wakarudishwa nyumbani bila kupasuliwa. Nimeombwa nieleze.

Ule uvimbe wa mviringo juu ya kifundo cha mkono mara nyingi ni ganglioni, ndani una ute mzito kama jeli unaotoka kwenye jointi au kwenye ala ya kano, yaani mfuko unaofunika ile kamba inayoshikisha msuli kwenye mfupa. Sio kansa, wala hujarogwa. Unajaa, unanywea, na karibu nusu huisha wenyewe, kwahiyo daktari akisema tuuangalie kwanza hajakunyima huduma, maana hata tukiuvuta kwa sindano au tukiupasua unaweza kurudi. Ila jamani hili la kuupiga na kitabu kizito liishe, tumeshalisema sana. Ukiwa mgumu, unakua haraka au unauma usiku njoo tuuchunguze.

Kina mama wenye vichanga, maumivu ya upande wa dole gumba ni kano zimevimba kwa kumnyanyua mtoto kila saa, na wakata majani ya ng'ombe na wanaokata maua na mkasi huko Usa River nao wanayapata. Mkono upumzike, dole gumba lifungwe kifaa cha kulituliza.

Ganzi inayokuamsha usiku mpaka ukung'ute mkono, ikishika dole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, watu wanasema eti damu haizunguki. Damu inazunguka vizuri tu! Ni mshipa wa fahamu umebanwa pale kwenye kifundo, na huwapata sana wajawazito na wenye kisukari. Ukichelewa nyama ya chini ya dole gumba inasinyaa, na ikishasinyaa kurudi ni shida.

Sasa linaloniumiza zaidi ni hili. Umeanguka na bodaboda njia ya Kibosho imeteleza, ukajikinga na kiganja, mkono umevimba kidogo tu ukaenda kukandwa. Kuna kamfupa kanaitwa skafoidi, kako kwenye kishimo kinachotokea chini ya dole gumba ukilinyanyua, damu yake ni chache na kakivunjika kakaachwa kanaweza kufa, jointi ikaharibika moja kwa moja. Na eksirei ya siku ya kwanza inaweza isionyeshe kitu, ndio maana tunakufunga plasta hata kama picha ni safi na kukurudisha baada ya siku 10 mpaka 14 upigwe nyingine, sio kwamba tunataka hela yako. Ukirudi njoo na ile picha ya kwanza, sio karatasi ya majibu tu, na kama unatumia bima au umetokea zahanati njoo na barua ya rufaa, bila hiyo utazungushwa dirishani asubuhi nzima. Plasta usiikate mwenyewe, ukiikata mfupa unaweza kusogea na tunaanza kuhesabu wiki upya. Ila vidole vikiwa vya baridi, vikibadilika rangi au maumivu yakizidi, njoo saa hiyohiyo hata usiku, usisubiri tarehe ya kliniki.

Mwenye kisukari aliyechomwa na mwiba kidoleni, kikavimba na kuwa chekundu, njoo siku hiyohiyo, usidungue usaha nyumbani. Na pete ivuliwe mapema kabla mkono haujajaa, tusije tukalazimika kuikata.