Alama ya Baux: umri ukiingia kwenye hesabu ya majeraha ya moto

Alama ya Baux, inayokadiria hatari ya kufa kwa aliyeungua, ni hesabu ya kujumlisha tu: miaka ya mgonjwa, ongeza asilimia ya ngozi iliyoungua. Imebeba jina la daktari Mfaransa Serge Baux, aliyeitoa mwaka 1961. Siku hizi mgonjwa aliyeungua njia ya hewa kwa moshi huongezewa 17.

Chukua bibi wa miaka 72 aliyemwagikiwa na maji ya moto mguu mzima, kuanzia nyonga hadi vidoleni, mbele na nyuma. Mguu ni asilimia 18, kwa hiyo alama yake ni 90. Mjukuu wa miaka 20 mwenye jeraha hilohilo ana 38. Maji ni yaleyale, ila ngozi ya uzeeni ni nyembamba na joto huzama upesi, na moyo na figo zake hazina akiba ya kijana. Ndiyo maana bibi huyu hatibiwi kama "ameungua mguu tu".

Hesabu huharibikia kwenye asilimia. Wekundu mtupu usio na malengelenge hauhesabiwi. Majeraha yaliyotawanyika yapime kwa kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole. Hicho ni karibu asilimia 1. Na urudie kupima siku ya pili na ya tatu, kwa sababu kwa mzee jeraha lililoonekana jepesi mara nyingi huzidi kuingia ndani.

Kwenye dripu ndiko wazee wengi huumizwa. Kanuni ya Parkland, ya kukadiria maji ya dripu, ni mililita 4 za Ringer (maji yenye chumvichumvi) kwa kila kilo kwa kila asilimia iliyoungua. Bibi wa kilo 50: 4 × 50 × 18 = mililita 3,600 kwa saa 24, nusu yake ndani ya saa 8 tangu alipoungua, si tangu alipofika hospitali. Wengine huanzia 2 badala ya 4, na kwa moyo dhaifu nakubaliana nao, mradi mtu akae karibu na mfuko wa mkojo. Lengo kwake ni mkojo wa karibu mililita 25 kwa saa. Ukishuka chini ya hapo, ongeza dripu kidogokidogo. Ukizidi sana, punguza, maana mapafu hujaa maji kimyakimya. Uliza pia dawa zake za presha: anayemeza za kukojosha anaweza kujaza mfuko huku damu yake ina upungufu wa maji.

Alama ikipita 100 hatari ni kubwa mno, lakini si ruhusa ya kumwacha. Mpe dawa ya maumivu, mfunike asipate baridi, na upige simu ya rufaa mapema.