Saini ya nyota, mkono wa karani: dhana potofu kuhusu picha za zamani za Hollywood

Picha ni ya Jean Harlow, mwigizaji wa Hollywood wa miaka ya 1930, inchi 8 kwa 10, karatasi nene isiyong'aa, rangi imeelekea kahawia. Chini kulia kuna salamu fupi kwa shabiki fulani, kisha jina, kwa wino wa kalamu ya kujaza, herufi pana zilizoandikwa bila kusita. Rafiki yangu aliinunua kwa fedha ambazo mkewe hadi leo hajaambiwa. Karatasi ni ya miaka ya 1930, wino nao ni wa wakati huohuo. Hakuna aliyeghushi kitu. Ila Harlow hakuishika kalamu hiyo. Aliyeandika ni mama yake.

Nimeanza na picha hiyo kwa sababu inavunja karibu kila kanuni ambayo watu hupeana kuhusu saini za waigizaji wa zamani. Kanuni hizo zilitungwa kuwanasa walaghai. Karani wa studio hakuwa mlaghai, ndiyo maana anazipenya kama maji kwenye chujio.

"Kama si ya nyota mwenyewe, basi ni ya kughushi"

Anayeghushi anakusudia kukuuzia uongo. Karani aliajiriwa kujibu barua. Clara Bow, nyota wa filamu wa miaka ya 1920, hutajwa kupokea barua zaidi ya 45,000 katika mwezi mmoja tu, Januari 1929. Piga hesabu: hata angesaini picha moja kila dakika, saa nane kwa siku, bila kupumzika hata Jumapili, mwezi ungekwisha hajafikisha theluthi moja. Na filamu angeigiza saa ngapi?

Kwa hiyo studio zilikuwa na idara nzima za barua za mashabiki. Picha ndogo zilitoka na saini iliyochapishwa pamoja na picha yenyewe. Nyingine zilipigwa muhuri wa mpira. Nyingine alisaini karani, katibu muhtasi au mtu wa nyumbani. Shabiki alifurahi, nyota akalala, kazi ikaendelea. Hakuna aliyewaza kwamba miaka tisini baadaye watu wangeshindania karatasi hizo mnadani.

Kwa Harlow, kazi hiyo aliishika zaidi mama yake. Jina la kuzaliwa la binti lilikuwa Harlean Carpenter. "Jean Harlow" ni jina la usichana la mama, ambalo binti alilichukua alipoingia kwenye filamu. Yaani mama alipokuwa akiandika "Jean Harlow" kwenye mapicha ya bintiye, alikuwa akiandika jina alilozaliwa nalo yeye mwenyewe. Hakimu gani angemfunga?

"Mstari ukitiririka bila kutetemeka, saini ni halali"

Hii ndiyo dhana inayowagharimu watu zaidi, maana nusu yake ni kweli. Mlaghai anayeiga huandika polepole. Ukitazama kwa lenzi utaona mstari wenye unene uleule mwanzo hadi mwisho, mtetemo mdogo kwenye mikunjo, mahali kalamu iliposimama ikatafuta njia na wino ukajikusanya. Mtu anayeandika jina lake mwenyewe haendi hivyo: kalamu inatua ikiwa tayari kwenye mwendo, na inaondoka na kamkia kembamba.

Sasa mweke karani kwenye kipimo hicho. Ameandika jina lilelile mara elfu kadhaa, mezani kwake, kwa mkono wake wa kawaida, bila kumwogopa mtu. Mstari wake utatiririka pengine kuliko wa nyota mwenyewe, ambaye saini yake aliitia amesimama mlangoni pa hoteli huku anasukumwa. Kipimo cha mtetemo kinakwambia tu kwamba aliyeandika hakuwa anaiga. Kuhusu ni nani, kipo kimya.

Unachoweza kufanya ni kulinganisha, na ugumu uko kwenye unalinganisha na nini. Ukiingia mtandaoni ukatafuta saini za Harlow, utaletewa mapicha mengi, na mengi yao ni mkono wa mama. Jicho litajifunza mkono ule, litauzoea, na siku ukikutana na saini halisi utaikataa. Nimeona watu wakifanya hivyo kwa kujiamini kabisa. Wingi hapa unapotosha: palipo na makundi mawili ya mwandiko kwa jina moja, kundi kubwa mara nyingi ndilo la karani.

Anza na nyaraka ambazo hakuna mwingine angeruhusiwa kusaini: mkataba na studio, hundi ya benki, karatasi za mahakama. Kutoka hapo ndipo uende kwenye picha. Na usiangalie umbo la jumla, kwa sababu karani mzuri alilijua umbo la jumla. Tazama mambo ambayo mwandishi hajui kama anayafanya. Kalamu inanyanyuka kati ya herufi zipi? Herufi ndogo ina urefu gani ukiilinganisha na kubwa? Mstari unapanda, unashuka au unakwenda sawa? Nukta ya "i" imekaa juu ya herufi au imekimbilia mbele? Ukimaliza, isome na salamu iliyo juu ya saini. Karani alilifanyia mazoezi jina. Maneno "To" na "Sincerely" mara nyingi aliyaandika kwa mwandiko wake wa siku zote.

Kumbuka pia kwamba mkono wa mtu hubadilika, na hata jina. Mnamo Agosti 1946 mkataba wa kwanza wa Marilyn Monroe na studio ya Twentieth Century-Fox aliusaini kwa jina la Norma Jeane Dougherty. Jina la Marilyn alilifanya rasmi kisheria mwaka 1956. Picha yenye "Marilyn Monroe" na tarehe ya 1945 haihitaji hata lenzi. Na zile za studio zenye jina lake kwa wino mwekundu, wakusanyaji wazoefu huzishuku kuwa za karani kabla hawajakaa kitini.

"Ina bahasha ya studio na muhuri wa posta, basi hakuna shaka"

Bahasha inathibitisha kwamba picha ilitoka studio. Aliyekuwa akikaa studio kujibu barua ni nani? Karani. Bahasha hiyo inayopandisha bei ndiyo inayopaswa kukutia wasiwasi.

Saini ya ana kwa ana ni hadithi nyingine. Kijitabu cha saini, menyu ya hoteli, kipande cha karatasi kilichochanwa kwenye daftari: vitu visivyopendeza ukutani, lakini karani hakuwepo pale. Mwishoni mwa 1952 waigizaji Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly walikuwa Afrika Mashariki wakipiga filamu ya studio ya MGM, na kambi yao mojawapo ilikuwa kando ya Mto Kagera, Tanganyika. Mtu akinijia na ukurasa wa daftari akadai babu yake alikuwa mpishi kambini, sitamwamini papo hapo, ila nina pa kuanzia: mahali, mwezi, nani alikuwepo. "Iliachwa na bibi yangu aliyewahi kuandikia Hollywood" hainipi hata kimoja, na ikiwa kweli, inanirudisha kwa karani.

"Karatasi ya zamani inatosha"

Inatosha kukataa, haitoshi kukubali. Kalamu za biki zilianza kuuzwa Marekani Oktoba 1945, kwa hiyo Harlow, aliyefariki Juni 1937 akiwa na miaka 26, hakuwahi kushika hata moja. Maka peni za wino mzito ni za miaka ya 1950 kwenda mbele, na ile ya chapa ya Sharpie ilitoka 1964. Karatasi ya picha yenye utando wa plastiki ilienea miaka ya 1970. Ile taa ya zambarau ya kukagulia noti dukani nayo inasaidia: karatasi za baada ya vita hutiwa dawa ya kung'arisha, na nyingi huwaka buluu chini yake, ilhali karatasi ya 1935 hubaki imepooza. Ikibaki imepooza umejua umri wa karatasi tu. Mama Harlow aliandika kwenye karatasi hiyohiyo.

Muhuri na saini za kuchapishwa hazistahili kukupotezea muda. Inamishe picha dirishani. Wino wa kalamu unalala juu ya picha na unaakisi mwanga kwa namna yake. Saini iliyochapishwa inang'aa sawasawa na shavu la mwigizaji. Mahali mistari miwili inapokatana, kalamu huacha tabaka mbili, muhuri huacha moja.

"Nyota wote waliwaachia makarani"

Ukishaumwa na nyoka, hata ung'ongo unakushtua. Stan Laurel, yule mwembamba wa wachekeshaji wawili Laurel na Hardy, alizeekea kwenye nyumba ya kupanga Santa Monica, jina na namba yake vikiwa kwenye kitabu cha simu, na alijibu barua za mashabiki mwenyewe hadi alipofariki Februari 1965. Joan Crawford naye alikuwa na ugonjwa wa kuandika barua. Saini zao zipo nyingi, bei haiumizi, na anayeanza kukusanya angefanya vizuri kuanzia hapo badala ya kumkimbilia Greta Garbo, aliyekuwa akikataa kusaini kabisa.

"Ina cheti"

Mwaka 1999 FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, walivunja mtandao wa waghushi wa saini huko California, katika operesheni iliyoitwa Bullpen. Saini zao nyingi ziliuzwa zikiwa na vyeti vya kuthibitisha kuwa ni halisi, kwa sababu kuchapisha cheti ni rahisi kuliko kuiga saini. Miongoni mwa kazi zao ilikuwamo mipira ya besiboli yenye saini ya Mama Teresa. Cheti muulize nani kakitoa, kalinganisha na nyaraka gani, na kama anakurudishia fedha akikosea.

Rafiki yangu hakurudishiwa. Muuzaji alimjibu kwamba hajawahi kuandika popote kuwa Harlow alisaini mwenyewe, na tuliposoma tangazo upya tukakuta ni kweli: "picha ya Jean Harlow, yenye saini, ya wakati wake". Bado iko ukutani sebuleni. Nyuma ya fremu amebandika kikaratasi: "Mkono wa mama."