Baraza la ushauri la wazee Nairobi: yanayosemwa na ukweli wake

Msimu wa bajeti ukikaribia, malalamiko yale yale hurudi kwenye ofisi za wadi: wazee hawasikilizwi, wazee wapewe kiti, wazee waundiwe kamati. Dai lenyewe lina msingi. Tatizo ni kwamba wengi wanaolidai hawajui kiti hicho kiko wapi wala kinafanya kazi gani, na kwa sababu hiyo vikundi vingi hufa kabla ya kutoa ushauri wowote.

Dhana: Baraza la ushauri la wazee ni la kusuluhisha ugomvi mtaani.

Hapana. Mzee wa mtaa ni msaidizi wa chifu, chifu yuko chini ya serikali kuu, na mzee huyo wa mtaa anaweza kuwa na miaka 40. Kikundi cha ushauri kinahusu umri na huduma. Kifungu cha 260 cha Katiba kinamhesabu mzee kuwa mtu aliyepita umri wa miaka 60, na Kifungu cha 57 kinaitaka serikali ihakikishe anashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Kazi ya kikundi ni kuieleza kaunti jinsi zahanati, masoko, taa za barabarani na vyoo vya umma vinavyomfaa au kumshinda mtu wa umri huo. Kesi za mipaka ya ploti zina pahali pake.

Dhana: Ukijiunga utaingizwa Inua Jamii.

Hii ndiyo inayoua vikundi haraka kuliko nyingine yoyote. Inua Jamii ni mpango wa serikali kuu wa kuwapa pesa wasiojiweza. Wazee wanaolengwa ni wa miaka 70 na zaidi, na malipo ni Sh2,000 kwa mwezi. Kaunti haiandikishi mtu huko. Mkutano wa kwanza ukigeuka wa kuandika majina na nambari za vitambulisho, ukumbi utafurika siku hiyo, na wa pili mtabaki wenyeviti na makatibu. Andikeni kwenye tangazo lenyewe kwamba hakuna uandikishaji wa pesa, na anayetafuta hizo aelekezwe kwa chifu au afisa wa maendeleo ya jamii. Tena kuna faida iliyofichika hapa: walio kati ya miaka 60 na 69, ambao Inua Jamii haiwagusi, mara nyingi ndio bado wana nguvu za kuandika kumbukumbu na kufuata barua ofisini.

Dhana: Sheria za kaunti haziwataji wazee.

Zinawataja. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 137, inaitaka kila kaunti iwe na Jukwaa la Bajeti na Uchumi. Mwenyekiti ni gavana, wanachama ni mawaziri wa kaunti, halafu wanaongezwa watu wasio watumishi wa kaunti, idadi sawa na mawaziri hao. Hawa hupendekezwa na mashirika ya wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya kidini. Soma tena: wazee wametajwa wazi. Jukwaa hilo ndilo linaloshauriwa kuhusu mipango ya kaunti na makadirio ya fedha.

Kinachokosekana ni lazima ya kuwa na baraza la wazee peke yao. Denmark, kwa mfano, tangu 1997 sheria inailazimisha kila manispaa kuwa na baraza la wazee lenye wanachama wasiopungua 5, waliochaguliwa kwa kura na wakazi wa miaka 60 na zaidi, na manispaa haina budi kulisikiliza kabla ya kuamua jambo linalowahusu. Kwetu sheria hizo za kaunti haziendi umbali huo. Kwa hiyo baraza huundwa kwa uamuzi wa kaunti yenyewe au na wazee wenyewe, na njia hii ya pili ndiyo ya kuanza nayo, maana haimngoji mtu.

Dhana: Mheshimiwa wa wadi ndiye anayechagua wazee.

Wengi wanamfuata mwakilishi wadi, wanapewa ahadi, basi. Kwenye jukwaa la bajeti anayeteua ni gavana, lakini majina yanatoka kwa mashirika. Shirika lisilo na cheti halina jina la kupeleka. Kikundi husajiliwa kupitia afisa wa maendeleo ya jamii, chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, kikiwa na katiba yake, maafisa na kumbukumbu za mkutano uliowachagua.

Kuhusu ukubwa, Nairobi ina wadi 85 katika kaunti ndogo 17. Mwakilishi mmoja kwa kila wadi ni watu 85, na mkutano wa watu 85 ni mkutano wa hadhara. Afadhali wawili kwa kila kaunti ndogo, yaani 34, mwanamke na mwanamume, halafu kamati ndogo ya 7 hadi 9 ya kufuatilia kazi. Mkishindwa kupata usawa huo, kumbukeni kanuni ya thuluthi mbili: kati ya 34, jinsia moja isizidi 22. Angalieni pia nani hayumo. Wastaafu wa serikali hujitokeza wenyewe, wanajua lugha ya ofisi na wana muda. Mpangaji wa mtaa wa mabanda wa Mukuru anayelea wajukuu na kuuza mboga hatajitokeza mpaka afuatwe mlangoni, naye ndiye anayejua zahanati hufunguliwa saa ngapi hasa.

Dhana: Wazee wakialikwa watakuja.

Tangazo la gazetini halimfikii asiyenunua gazeti. Pitieni makanisani, misikitini na kwenye zahanati siku za kliniki ya presha na kisukari. Mkutano uwe saa nne asubuhi hadi saa sita, wakati nauli ya matatu imeshuka na kabla jua halijawa kali. Ukumbi uwe wa chini, viti viwe na migongo, choo kiwe karibu. Makaratasi yawafikie siku saba kabla, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Nauli irudishwe siku hiyo hiyo. Posho kubwa ni jambo jingine: ikianza kulipwa, viti vitagombewa na watu wasiojali ajenda.

Dhana: Tukisema ukumbini, tumeshauri.

Hapa ndipo kazi nyingi hupotea. Mara nyingi kinachosafiri kutoka ukumbini ni orodha ya mahudhurio: jina, nambari ya simu, sahihi. Hubandikwa nyuma ya ripoti kuthibitisha kwamba wananchi walishirikishwa, hata kama hakuna neno lao lililoandikwa. Dawa ni waraka wenu wa kurasa mbili: hoja, wadi, mnachotaka, gharama mkiijua. Pelekeni nakala mbili, moja mrudishiwe ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe.

Tarehe ndiyo yenye uzito. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa mikakati ya fedha Februari 28, makadirio ya bajeti Aprili 30. Anayesubiri vikao vya Mei anakuta miradi imeshapangwa na kilichobaki ni kusogeza senti. Basi kaeni Julai kwa ajili ya mpango wa mwaka, Januari kwa mikakati, Machi kwa makadirio, na Oktoba kukagua kilichofanyika.

Kaunti hailazimiki kukubali kila ushauri. Inalazimika kushirikisha watu kwa dhati. Na pelekeni kila hoja kwa mwenye kazi: zahanati, masoko, taa na barabara za kaunti ni za City Hall, makao ya kaunti, daraja la kuvukia Thika Road ni la mamlaka ya barabara kuu ya kitaifa.

Mkinyamaziwa, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa bunge la kaunti, na kifungu cha 89 kinazitaka mamlaka za kaunti zijibu maombi ya wananchi bila kukawia. Ambatisheni ile nakala yenye muhuri.